Kiungo Gani kwa Kazi Gani? Mwongozo wa Kuunga Mbao kwa Anayeanza Nyumbani

Swali lile lile linanifikia kwa sura tofauti. Kijana wa Makorora, hapa Tanga mjini, ananionyesha picha ya stuli inayoyumba, anauliza aongeze misumari mingapi. Mama wa Chumbageni ametengenezewa rafu, vitabu vimepangwa, na baada ya miezi miwili ubao umeshuka na ncha zimechomoka kwenye mbao za pembeni. Mwingine amenunua mninga mzuri, ametazama video nyingi, sasa hajui aanze na mkia wa njiwa au apige skrubu tu yaishe. Wote wanauliza jambo moja: mbao mbili zikutane vipi zisije zikaachana?

Nimeyakusanya majibu hapa ili ukiwa na mbao zako uani upate pa kuanzia. Mwongozo huu ni wa mtu asiye na karakana wala mashine kubwa. Viungo vipo vingi, lakini kwa stuli, benchi la barazani, meza ya kulia, rafu, droo na kitanda, vinane vinatosha kabisa.

Jambo moja ulishike kuanzia mwanzo hadi mwisho: chagua kiungo kwa kuangalia kitavutwa upande gani, na mbao itafanya nini masika yakiingia. Urembo na vifaa ulivyonavyo vifikirie baada ya hapo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Msumeno wa mkono wenye meno madogo. Wa meno makubwa ni wa kukatia urefu tu, ukikatia kiungo utaacha pengo.
- Patasi mbili: ya milimita 10 au 12, na ya milimita 20 au 25.
- Kinoo cha kunolea. Ukikosa pesa, punguza kwingine, kinoo usikiache.
- Nyundo ya mbao ya kupigia patasi. Nyundo ya chuma inapasua mpini.
- Guni kwa pembe mraba, futikamba, penseli iliyochongwa vizuri, na kisu chembamba cha kuchorea.
- Geji ya kuchora mstari sambamba na ukingo. Unaweza kuitengeneza: kipande cha mbao, kijiti kinachopita katikati yake, na msumari mdogo uliochongwa kwenye ncha.
- Randa moja.
- Drili ya mkono au ya umeme, na biti za milimita 2.5, 3, 5 na 8.
- Gundi nyeupe ya mbao. Kwa kazi ya nje, tafuta ile ambayo chupa yake imeandikwa kuwa inahimili maji, au epoksi.
- Jiriwa mbili ndefu, yaani vibanio vya kushikilia mbao wakati gundi inakauka, ukizipata. Ukikosa, tafuta kamba imara na tyubu kuukuu ya baiskeli iliyokatwa vipande virefu. Nitaeleza matumizi yake.
- Mabaki ya mbao ya kujaribia. Haya ni ya lazima.

Noa patasi kabla hujagusa kazi. Ipime kwenye kichwa cha kipande cha paina, yaani mwishoni pale nyuzi zilipokatwa: ikikata laini bila kuponda nyuzi, iko tayari. Na ukiwa unakata, mikono yote miwili ikae nyuma ya makali. Patasi butu ndiyo inayokata watu zaidi, kwa sababu unaisukuma kwa nguvu mpaka inateleza.

Mambo mawili kuhusu mbao, kisha tuanze kazi

La kwanza ni kichwa na ubavu. Mbao ina nyuzi zinazokwenda kwa urefu wake. Ubavuni, yaani kando ya nyuzi, gundi inashika vizuri sana, kiasi kwamba ukivunja kiungo, mara nyingi mbao ndiyo itakayovunjika na gundi itabaki imeshika. Kichwani, pale nyuzi zilipokatwa, mbao hunyonya gundi na kiungo kinabaki kikavu. Skrubu nayo ikiingia kichwani hupita kati ya nyuzi na haishiki kama inavyoshika ubavuni. Karibu kila kiungo utakachokisoma hapa kimebuniwa ili ubavu ukutane na ubavu.

La pili ni kutanuka na kusinyaa. Mbao hairefuki wala kufupika kwa kiasi cha kukusumbua kwenye urefu wake. Upana ndio unaobadilika. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 80, hali ya kawaida kwetu pwani, mbao hutulia ikiwa na maji ya karibu asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Hewa ikishuka hadi asilimia 50, kama kwenye ofisi yenye kiyoyozi kutwa nzima, mbao ile ile hushuka hadi karibu asilimia 9. Meza ya msaji yenye upana wa sentimita 60, maji yake yakibadilika kwa asilimia 4 tu, inaweza kutanuka au kusinyaa milimita 4 hadi 5. Hakuna skrubu itakayoizuia. Ukiizuia, itapasuka.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Benchi la kwanza nililotengenezea baraza yetu nilipiga skrubu kumi na mbili kupitia ubao wa juu hadi kwenye fremu, na gundi chini yake kila mahali. Ilikuwa wakati wa kaskazi, mbao zimekauka kweli kweli. Masika yakaingia, ubao ukavimba na kuinuka katikati. Jua liliporudi ukaanza kusinyaa, skrubu zikaukatalia. Siku moja asubuhi nikiwa ndani nakunywa chai nikasikia mlio mkavu, paa! Nilipotoka, ufa ulikuwa umepita kwenye skrubu nne zilizokuwa kwenye mstari mmoja, na ungeweza kupitisha sarafu ndani yake.

Hatua kwa hatua

1. Jiulize kiungo kitavutwa vipi

Chukua karatasi, chora kazi yako hata vibaya, halafu weka mshale kila mahali mbao mbili zinapokutana. Je, mzigo unakandamiza moja kwa moja chini, kama mguu wa kitanda? Je, unavuta viachane, kama uso wa droo kila unapoivuta? Au unapindisha huku na huku, kama mguu wa kiti mtu anapoegemea nyuma?

Kama hujazoea kufikiri hivi, nenda jikoni ukaitazame mbuzi ya nazi, ile ya kukunja. Mbao mbili zimepishana kama mkasi na pini moja imepita katikati. Mtu anapokaa, mbao zinataka kufunguka, lakini zimepishana kwa hiyo zinabebana. Pini yenyewe kazi yake ni kuziweka mahali pake tu. Aliyeibuni aliuelewa mzigo kwanza, ndiyo maana kitu chepesi vile kinambeba mtu mzima anayekuna kwa nguvu.

Kiungo kinachokandamizwa tu ni rahisi. Kinachovutwa kinahitaji kufungwa kwa umbo, gundi peke yake haitoshi. Kinachopindishwa kinahitaji ulimi mrefu (ncha ya mbao iliyopunguzwa ili iingie kwenye tundu la mbao nyingine) na mabega mapana (sehemu zinazobaki kando ya ulimi na kugusa mbao ya pili).

2. Ijue mbao uliyonayo

Mkoani Tanga tuna bahati. Msaji unatoka shamba la Longuza, Muheza. Paina na saipresi zinatoka juu Lushoto, shamba la Shume. Mninga na mkongo huja kutoka mbali kidogo na bei yake unaijua.

Mninga na mkongo hazichezi sana kwa unyevu, zinafaa kwa ulimi na tundu na kwa milango. Msaji unastahimili hali ya hewa ya pwani vizuri, lakini una mafuta ndani yake na chembe zinazokula makali ya patasi, kwa hiyo utanoa mara nyingi zaidi. Paina ni laini, rahisi kujifunzia, ila skrubu na misumari hulegea haraka, na ulimi ukiwa mwembamba utakatika.

Plaiwudi ni habari nyingine. Haitanuki sana, na ukingo wake wote ni mchanganyiko wa vichwa na mbavu. Usiichonge ulimi. Ipe mfereji, skrubu au vijiti.

Kabla ya yote hakikisha mbao ni kavu. Kanuni ya mafundi ni mwaka mmoja wa kuanika kivulini kwa kila inchi moja ya unene. Njia yangu ya kupima ni rahisi: kata kipande, kipime kwenye mizani ya jikoni, andika uzito juu yake kwa penseli. Rudia kila wiki. Uzito ukikaa pale pale wiki tatu mfululizo, mbao imetulia na hewa ya nyumbani kwako.

*Kosa la kawaida:* kununua mbao Jumamosi na kuikata Jumapili. Hata mbao kavu iache ikae ndani kwako wiki mbili kwanza.

3. Chagua kiungo

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

*Kukutanisha tu, kwa skrubu.* Mbao moja inagusa nyingine, unafunga. Kinafaa kwa kasha la vifaa, banda la kuku, rafu ya stoo, na sanduku la plaiwudi. Toboa tundu la kuongozea kwanza: kwa skrubu ya milimita 4, tumia biti ya 2.5 kwenye paina na ya 3 kwenye mninga au mkongo. Theluthi mbili za skrubu ziingie kwenye mbao ya pili. Usikitumie kwenye kiti wala stuli. Yule kijana wa Makorora hata angepiga misumari thelathini, stuli ingeyumba, kwa sababu yote ilikuwa imeingia kichwani.

*Ubavu kwa ubavu, kwa gundi.* Hiki ni cha kupata ubao mpana kutoka kwenye mbao nyembamba, kama uso wa meza. Piga randa mpaka ukisimamisha mbao moja juu ya nyingine usione mwanga katikati. Paka gundi, bana. Hakihitaji skrubu wala kijiti. Wanaoanza huwa hawaniamini hapa, mpaka wajaribu kukivunja kipande cha majaribio.

*Nusu kwa nusu.* Unapunguza nusu ya unene kwa kila mbao pale zinapopishana, zinalala sawasawa. Kina ubavu mwingi wa kugusana, kwa hiyo gundi inashika. Ni kizuri kwa fremu ya dirisha la wavu, miguu ya kupishana, na fremu ya kitanda cha mtoto. Kama una msumeno na patasi tu, anza kujifunza na hiki.

*Mfereji.* Unachonga mfereji kwenye mbao ya pembeni na ubao wa rafu unaingia humo. Kina chake kiwe theluthi ya unene: ubao wa milimita 20, mfereji wa milimita 6 au 7. Mzigo wa vitabu unakaa juu ya mbao yenyewe, hauning'inii kwenye skrubu. Rafu ya yule mama wa Chumbageni ingekuwa na mfereji, ncha zisingechomoka. Kushuka katikati ni jambo jingine, hilo linatokana na ubao mwembamba kupewa urefu mkubwa. Kwa vitabu, ubao wa milimita 20 usizidi sentimita 80 bila tegemeo.

*Vijiti.* Unatoboa matundu yanayotazamana kwenye mbao zote mbili, unatia vijiti vya mviringo na gundi. Kwa ubao wa milimita 20 tumia kijiti cha milimita 8. Kinafaa kwa plaiwudi na kwa fremu nyepesi. Shida yake ni shabaha: tundu moja likikosea milimita moja, kiungo kizima hakifungi. Ukipenda vijiti, tengeneza kiolezo cha kutobolea.

*Ulimi na tundu.* Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote na sitakificha. Mbao moja inachongwa ulimi, nyingine inatobolewa tundu, ulimi unaingia. Miguu ya meza, viti, stuli, milango, vitanda: vyote vinakitaka. Ukifika Pangani mjini, kwenye nyumba za zamani zenye milango ya nakshi, acha kutazama maua kwa dakika moja ukatazame pembe za fremu. Mafundi waliokuwa na patasi na msumeno wa mkono tu walivifunga vitu vizito mno kwa namna hii.

*Mkia wa njiwa.* Ni kwa droo na masanduku, mahali panapovutwa kila siku. Mikia inapanuka kuelekea nje, kwa hiyo ukivuta uso wa droo umbo lenyewe linakatalia. Mteremko wa mkia uwe 1 kwa 6 kwenye mbao laini, 1 kwa 8 kwenye mbao ngumu. Ni kizuri sana, lakini usikifanye cha kwanza. Kifanye baada ya kukata nusu kwa nusu kumi zilizokaa vizuri.

*Bolti.* Kitanda kinachopaswa kufunguliwa ili kipite mlangoni kisigundishwe pembeni. Tia ulimi mfupi usio na gundi ubebe mzigo, na bolti ivute. Nyumba zetu nyingi za Ngamiani zina ujia mwembamba, nimeshaona kitanda kikikatwa kwa msumeno ili kitoke.

Kuhusu pembe ya digrii 45, ile ya fremu ya picha: inapendeza, lakini ni kichwa kwa kichwa. Itumie kwenye picha. Kwenye kitu chochote cha kukaliwa, hapana.

4. Chora kwa kisu, kutoka uso mmoja

Chagua uso mmoja ulionyooka na ukingo mmoja kwa kila mbao, utie alama. Vipimo vyote vitoke hapo. Ukipima leo kutoka upande huu na kesho upande ule, tofauti ndogo za unene zitakusanyika na kiungo kitakaa mshazari.

Penseli ni ya kukadiria. Mstari wa kukata uchore kwa kisu, kwa sababu kisu kinakata nyuzi na patasi inapata mahali pa kukaa. Halafu piga alama ya msalaba upande wa kutupa. Fanya hivyo kila mara, hata ukiona ni jambo dogo. Kukata upande usio wenyewe ni kosa linalowapata hata wazoefu.

5. Kata cha majaribio

Kwenye mabaki ya mbao ile ile, fanya kiungo kizima. Kama kazi yako ina viungo vinane, cha majaribio kiwe cha tisa. Kitakuonyesha kama patasi ni butu, kama mbao inachanika, kama umesoma vipimo vibaya.

6. Chonga ulimi na tundu

Nitaeleza hiki kimoja kwa kirefu, ukikiweza hiki vingine vitakuja.

Tuseme una mguu wa milimita 50 kwa 50 na mbao ya kuungia yenye unene wa milimita 25. Ulimi uwe karibu theluthi ya unene, yaani milimita 8, au 10 kama patasi yako ni ya 10. Ifuate patasi yako, utapata kazi safi zaidi. Urefu wa ulimi uwe milimita 30 hadi 35. Ulimi mfupi wa milimita 10 ndio chanzo cha meza nyingi zinazocheza.

Anza na tundu. Ulimi unaweza kuupunguza ukiwa mnene, tundu huwezi kulirudisha likishapanuka.

Toboa matundu ya drili kwenye mstari, ukitia kipande cha utepe kwenye biti kuonyesha kina. Ongeza milimita 2 ya kina ili gundi ipate pa kukaa. Kisha simamisha patasi na usafishe kuta. Usikate ukingo wa mwisho mpaka karibu umalize, maana ndio unaoegemea unapong'oa vipande.

Sasa ulimi. Kata mabega kwanza kwa msumeno, kando ya mstari wa kisu, kisha mashavu, yaani nyuso mbili pana za ulimi. Acha mstari ukionekana. Jaribu kuingiza. Ukisikia unaingia kwa kusukumwa na kiganja na kugongwa kidogo, na ukiinua mguu ile mbao haidondoki, umepata. Ukihitaji kupiga kwa nguvu, simama: utapasua mguu. Kwangua shavu kidogo kidogo, ukitazama pale mbao inapong'aa kwa kusuguliwa, hapo ndipo panapobana.

*Kosa la kawaida:* kuweka tundu karibu sana na kichwa cha mguu. Acha angalau milimita 15 juu yake, au kata mguu mrefu zaidi na upunguze mwishoni.

7. Unga vyote bila gundi

Unganisha kazi nzima ikiwa kavu. Pima ulalo, pembe kwa pembe, pande zote mbili. Vipimo vikilingana, fremu ni mraba. Tia namba kila kiungo. Panga jiriwa zako, vipande vya kukinga mbao na kitambaa chenye maji, vyote viwe mkononi.

8. Paka gundi

Kwenye joto letu gundi nyeupe huanza kushika ndani ya dakika 5 hadi 10, kwa hiyo fanya asubuhi mapema au jioni. Paka ndani ya tundu na kwenye mashavu ya ulimi, tabaka jembamba lililoenea. Ukiwa na msaji, futa kwanza kwa kitambaa chenye thina, acha ikauke, upake gundi mara moja kabla mafuta hayajarudi juu.

Bana mpaka uone shanga ndogo za gundi zikitokea. Ukibana kwa nguvu zako zote utaikamua gundi yote itoke. Acha saa moja kabla ya kufungua, na saa 24 kabla ya kuweka mzigo.

Kama huna jiriwa: zungushia kamba fremu, ingiza kijiti na ukisokote mpaka ibane, kisha ukiegemeze kisifunguke. Vipande vya tyubu ya baiskeli vinabana vizuri sana kwenye pembe zisizo za kawaida. Kwa kuunga ubavu kwa ubavu, pigilia vipande viwili vya mbao kwenye ubao mpana, weka kazi katikati, na usukume kwa kabari mbili zinazotazamana.

9. Au ifunge kwa pini, bila jiriwa kabisa

Njia hii napenda kila asiye na jiriwa aijue. Toboa tundu la milimita 8 kupita kwenye mguu na katikati ya tundu la ulimi. Ingiza ulimi, tumbukiza biti ile ile uiguse tu ili itie alama, kisha uutoe ulimi. Sasa sogeza alama milimita moja kuelekea kwenye bega, au moja na nusu kwa paina, na utoboe ulimi hapo. Chonga pini ya mninga au mkongo uliokauka, ukiipasua kwa kufuata nyuzi, uichongoe ncha. Rudisha ulimi, pigilia pini. Kwa kuwa matundu hayalingani, pini inauvuta ulimi ndani mpaka bega linagusa mguu na kubana. Inakaa hivyo miaka mingi, hata gundi ikichoka.

*Tahadhari:* ukisogeza milimita 3 pini itavunjika ndani au ulimi utachanika. Jaribu kwenye mabaki.

10. Uso wa meza uache upumue

Usigundishe uso wa meza kwenye fremu. Chonga vishikizo vidogo vya mbao vyenye kidole kinachoingia kwenye mfereji wa ndani ya fremu, kisha skrubu ipite kwenye kishikizo na kuingia uso wa meza kutoka chini. Uso utashikwa usiinuke, lakini utaweza kuteleza kwa upana. Njia fupi zaidi ni kutoboa matundu marefu ya skrubu, yaelekee kwenye upana wa meza.

Kwa kitu kitakachokaa barazani Raskazone au popote upepo wa bahari unapofika, nunua skrubu zisizoshika kutu. Za kawaida huanza kulia machozi ya kahawia kwenye mbao, kisha vichwa vinakatika.

Ukikwama

*Ulimi unacheza ndani ya tundu.* Usijaze gundi wala vumbi la mbao. Gundisha maranda au kipande chembamba cha mbao ile ile kwenye shavu, nyuzi zielekee upande mmoja, kikikauka ukichonge upya.

*Bega lina pengo upande mmoja.* Unganisha kikavu, pitisha msumeno wa meno madogo kwenye mstari wa bega kuzunguka pande zote, kisha sukuma ndani. Rudia mpaka lifunge.

*Mbao inapasuka unapotia skrubu.* Tundu la kuongozea ni dogo au uko karibu mno na ukingo. Kwenye mkongo paka sabuni ya mche kwenye nyuzi za skrubu.

*Fremu imekaa mshazari na gundi bado mbichi.* Pima ulalo, funga jiriwa au kamba kwenye ulalo ulio mrefu, vuta taratibu mpaka vilingane.

*Gundi imeacha madoa yasiyoshika vanishi.* Kwangua kwa patasi, usifute kwa maji mengi. Safari nyingine acha shanga za gundi zigande kama mpira, dakika 20 hivi, uzibandue zote kwa mara moja.

*Meza inayumba ingawa viungo vyote vimefunga.* Kiungo hakina kosa. Iweke sakafuni penye usawa, tia vipande vyembamba chini ya mguu mfupi mpaka itulie, chora kuzunguka miguu yote kwa urefu mmoja kutoka sakafuni, ukate kwenye mstari.

*Stuli ya zamani imelegea na unataka kuiokoa.* Ifungue kabisa. Gundi mpya haishiki juu ya gundi kuukuu, kwa hiyo kwangua mpaka uone mbao. Kama ulimi bado mzima, chana mpasuko mmoja kwenye kichwa chake, uingize kwenye tundu lililotokeza upande wa pili, kisha pigilia kabari nyembamba kwenye mpasuko. Mpasuko ukae kukatisha nyuzi za kiti, kabari isije ikakipasua. Acha siku nzima, kata kichwa cha kabari kinachojitokeza, upige msasa, ndipo umkaribishe mtu akae.